Gari lako ni bango, lakini utalivisha karatasi gani?

MSOMAJI mpenzi, ukiwa njiani kurudi nyumbani leo jioni, hebu yatazame vyema magari yanayokupita. Hapa kuna gari dogo la kusambaza mikate, mlango wake umeandikwa jina la kampuni na nambari ya simu. Pale kuna matatu iliyorembwa kwa picha za wanasoka na wanamuziki kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma. Huku kuna kanta ya kubeba maji iliyopakwa samawati kote.

Huenda umekuwa ukidhani kuwa yote hayo ni rangi. Baadhi ni rangi kweli, lakini mengi ni karatasi ya plastiki yenye gundi mgongoni, ambayo watu wengi huiita stika na mafundi huiita vinili. Na kama wewe au jamaa yako ana gari la biashara, yamkini mtu ameshakushauri ulibandike ili lijitangaze lenyewe kila linapopita.

Ni ushauri mzuri. Taabu huanza unapofika kwa fundi na kuulizwa, "Unataka ya bei gani?" Hapo ndipo wengi hujibu, "Ile ya rahisi," bila kujua wanachonunua.

Ninamfahamu mama mmoja wa mtaa wa Kahawa West, Nairobi, ambaye huoka keki za harusi na za siku za kuzaliwa. Kwa mkopo wa chama alinunua gari aina ya Toyota Probox iliyokwisha kutumika, kisha akatafuta fundi wa kulibandika picha ya keki na nambari yake ya simu. Fundi alimhakikishia hivi: "Mama, hii haina tofauti yoyote na ile ya bei ghali. Hii itakaa miaka mitano bila wasiwasi."

Haikutimiza hata mwaka. Kufikia mwezi wa saba pembe zilikuwa zimejikunja kama majani makavu. Picha ya keki iliyokuwa ya waridi na manjano ilibadilika ikawa ya samawati iliyofifia. Ni nani awezaye kutamani keki ya rangi hiyo? Baya zaidi, tarakimu moja ya nambari ya simu ilibanduka na kupeperushwa na upepo. Wateja walipiga simu na kumpata mtu mwingine.

Alipoamua kuibandua yote, karatasi ilikatikakatika vipande vidogo kama ganda la yai, gundi ikabaki, na kwenye mlango mmoja rangi ya gari ikang'oka pamoja nayo. Kupuliza rangi milango miwili kulimgharimu zaidi ya stika zenyewe.

"Nilitaka kuokoa elfu chache," aliniambia, "kumbe ninachezea karo ya mtoto."

Usicheke, msomaji. Hilo laweza kukupata wewe pia. Hata hivyo, dawa yake si kukimbilia karatasi ya bei ya juu kabisa. Dawa ni kujua ni ipi inayofaa kazi uliyo nayo.

Karatasi hizi ni za aina gani?

Vinili hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC. Plastiki hii kwa asili ni ngumu na huvunjika upesi. Mnamo 1926, Mmarekani Waldo Semon, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya B.F. Goodrich, aligundua namna ya kuilainisha kwa kuichanganya na kemikali nyingine. Mpaka leo, uzuri au ubaya wa stika yako hutegemea sana kilainishi hicho na jinsi karatasi ilivyotengenezwa.

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ile inayosukumwa. Plastiki iliyopashwa moto hupitishwa katikati ya magurudumu mazito, ikabanwa na kuvutwa mpaka ikawa nyembamba, mfano wa mpishi anayesukuma chapati. Na kama unavyojua, chapati iliyosukumwa kwa nguvu hutaka kurudi ndani. Karatasi hii nayo ikipigwa na jua huanza kusinyaa. Ndiyo maana unaona mstari mweusi wa gundi na vumbi ukijitokeza kando ya herufi.

Aina ya pili ni ile inayomiminwa. Plastiki ya majimaji humwagwa juu ya karatasi maalumu, kisha hupitishwa kwenye tanuri ikauka taratibu. Kwa kuwa haikuvutwa, haina haja ya kurudi ilikotoka. Ni nyembamba zaidi, kwa kawaida maikroni 50 hivi, ilhali ile ya kusukumwa huwa kati ya maikroni 70 na 100. Basi usidanganywe na unene! Wengi huipapasa karatasi na kusema, "Hii ni nzito, hii ndiyo imara." Katika biashara hii mambo ni kinyume.

Ile ya kusukumwa nayo imegawanyika mara mbili. Kuna ya monomeri, ambayo kilainishi chake ni cha molekuli ndogo ndogo zinazotoroka upesi na kuiacha karatasi kavu. Hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo aliyobandikiwa yule mama. Kuna pia ya polimeri, ambayo kilainishi chake ni cha molekuli ndefu zisizotoka kwa urahisi. Bei yake ni ya kadiri, na huvumilia zaidi.

Watengenezaji wengi huipa ya monomeri muda wa miaka mitatu hivi, ya polimeri mitano hadi saba, na ya kumiminwa saba hadi kumi. Lakini soma vizuri maandishi madogo. Miaka hiyo aghalabu huhesabiwa kwa karatasi iliyosimama wima katika nchi zenye jua la wastani. Sisi tunaishi kwenye Ikweta. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua hapo ni mikali hata siku ambayo wewe unasikia baridi. Mombasa kuna joto, unyevu na chumvi ya bahari. Isitoshe, boneti na paa hupigwa na jua la utosini mchana kutwa, kwa hivyo karatasi ya hapo yaweza kuishi nusu ya muda wa ile ya mlangoni au hata chini ya hapo.

Ipi kwa kazi gani?

Kwanza jiulize: gari langu lina umbo gani, na ninataka tangazo hili likae muda gani?

Ikiwa ni tangazo la mwezi mmoja au miwili, kwa mfano la mkutano wa injili, kampeni ya uchaguzi au bidhaa mpya inayozinduliwa, nunua ya monomeri na usione haya. Hapo pesa zako zimekwenda mahali pake. Sharti ni moja tu: ibandue mara kazi ikiisha. Ukiiacha mwaka mzima juani, itakusumbua kama ilivyomsumbua mama wa keki.

Ikiwa ni herufi na nembo kwenye milango ya gari dogo, au kwenye kasha la kanta ambalo pande zake ni bapa, chukua ya polimeri. Kwa familia nyingi zenye biashara ndogo hili ndilo chaguo la busara.

Ikiwa unataka kulifunika gari zima, ama mwili wake una mabonde, mikunjo na vichwa vya ribiti, huna budi kununua ya kumiminwa. Karatasi ya kusukumwa ukiilazimisha kuingia kwenye bonde itaingia leo, kesho itajiinua na kuacha mfuko wa hewa. Wenye matatu wanalijua hili kwa uchungu.

Ukipenda majina, hakuna ubaya wa kuyajua. 3M na Avery Dennison ni za Marekani, Orafol inayotengeneza Oracal ni ya Ujerumani. Lakini jina peke yake halitoshi. Oracal 641 na 651 ni za kusukumwa, ilhali 751 na 970 ni za kumiminwa. Fundi akikwambia "hii ni Oracal" kisha akanyamaza, ni kama mwenye duka kukwambia "huu ni mchele" bila kusema ni pishori au ni wa kawaida. Muulize nambari.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Kama gari ni la familia na unalitumia kwa biashara Jumamosi tu, tengeneza bango la sumaku. Linabandikwa mlangoni asubuhi na kutolewa jioni. Hakikisha tu mlango ni wa chuma, kwa kuwa sumaku haishiki alumini wala faiba, na ufute vumbi kabla ya kulibandika ili lisikwaruze rangi.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano, msomaji, nawe uweke bei utakazopewa badala ya hizi zangu. Tuseme kazi yako inahitaji mita nane za karatasi, na uchapishaji pamoja na ubandikaji ni Sh6,000.

Karatasi ya monomeri ikiwa Sh600 kwa mita, utalipa Sh4,800, na jumla itakuwa Sh10,800. Ikikaa mwaka mmoja na nusu, umelipa Sh7,200 kwa kila mwaka.

Ya polimeri ikiwa Sh1,200 kwa mita, utalipa Sh9,600, na jumla Sh15,600. Ikikaa miaka minne, hiyo ni Sh3,900 kwa mwaka.

Ya kumiminwa ikiwa Sh2,500 kwa mita, utalipa Sh20,000, na jumla Sh26,000. Ikikaa miaka sita, ni takriban Sh4,330 kwa mwaka.

Umeona? Katika mfano huu ile iliyoonekana rahisi dukani ndiyo ghali kuliko zote, na bado hatujahesabu gharama ya kuibandua. Tena ile ya bei ya juu si lazima iwe bora kwako ikiwa gari lako ni bapa na huenda utaliuza baada ya miaka mitatu. Ya katikati ndiyo imeshinda.

Njia ya pili ya kuokoa pesa ni kupunguza ukubwa wa kazi. Si lazima ulifunike gari lote. Itumie rangi ya gari lenyewe kuwa uwanja wa tangazo lako, kisha ubandike herufi zilizokatwa: jina, kazi unayofanya, na nambari ya simu. Mtu aliye ng'ambo ya barabara ana sekunde chache tu za kukusoma. Maneno kumi na matano hatayamaliza. Aidha, herufi zilizokatwa kutoka karatasi yenye rangi tayari hazihitaji wino, kwa hivyo hakuna cha kufifia upesi. Nyeusi na nyeupe hudumu zaidi, na zile za kung'aa kama dhahabu na fedha huchujuka mapema.

Unaweza pia kuuliza mabaki. Karakana zinazofanya kazi kubwa hubakiwa na vipande vya karatasi bora ambavyo haviwatoshi tena. Kwa jina la mlangoni, kipande cha mita moja chatosha. Hakikisha vyote umevikata kutoka jora moja, kwani rangi ya majora mawili yaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo utaiona jua likiwaka.

Usisahau kinga

Picha iliyochapishwa kwa wino ni lazima ifunikwe kwa plastiki nyingine nyembamba, angavu, iitwayo lamineti. Hii huukinga wino dhidi ya jua, mikwaruzo na sabuni. Ile picha ya keki ilififia upesi kwa kuwa haikuwa nayo. Fundi alikuwa ameiacha ili kupunguza bei, wala hakumwambia mwenye gari.

Kinga na karatasi ziwe za ukoo mmoja: ya kumiminwa juu ya ya kumiminwa, ya polimeri juu ya ya polimeri. Ukichanganya, moja itasinyaa na nyingine isinyae, na pembe zitajikunja. Fauka ya hayo, wino wa kutengenezea unaonuka, ule wa solventi, unahitaji angalau saa 24 kukauka kabla ya kufunikwa. Fundi anayekuahidi kuchapisha saa tatu asubuhi na kubandika saa sita mchana wa siku hiyo hiyo, mwulize anatumia wino gani.

Jaribio la kufanya nyumbani

Usitegemee maneno matupu. Unapokwenda River Road au Eneo la Viwandani kutafuta bei, omba kuona jora lenyewe na usome mgongo wake, kwa kuwa watengenezaji wengi huchapa jina lao hapo. Uliza kama ni ya kusukumwa au ya kumiminwa. Uliza limekaa dukani muda gani, maana gundi huzeeka, na jora lililoanikwa dirishani miaka miwili si la kununua hata likipunguzwa bei.

Kisha omba kipande kidogo, au ukinunue. Kibandike kwenye boneti ya gari lako, halafu kwa wembe ukate alama ya msalaba juu yake, kwa uangalifu usije ukaifikia rangi. Kiache juani wiki mbili. Ukikuta mikato imefunguka na kuacha mwanya, karatasi hiyo inasinyaa. Ukikuta imebaki ilivyokuwa, una mahali pa kuanzia. Wiki mbili za kusubiri si kitu ukilinganisha na karo ya muhula.

Siku ya kubandika

Hata karatasi nzuri huharibiwa na mikono mibaya. Gari lioshwe kwa sabuni, likauke, kisha lifutwe kwa spiriti ili kuondoa mafuta na nta. Kazi ifanywe kivulini, mahali pasipo vumbi. Kubandika kando ya barabara jua la saa saba likiwaka ni kutafuta mapovu.

Ikiwa gari lilipigwa filla na kupulizwa rangi upya, mweleze fundi bila kuficha. Rangi ya karakana isiyochomwa kwenye tanuri huhitaji wiki kadhaa kukauka kabisa. Ukiifunika mapema, hewa yake itatokea chini ya karatasi na kuleta malengelenge. Na siku ya kubandua, rangi hiyo ndiyo ya kwanza kung'oka. Hivyo ndivyo mlango wa mama wa keki ulivyoharibika. Ulikuwa umewahi kugongwa na kurekebishwa kabla hajalinunua gari, na hakuna aliyemwuliza.

Mwambie fundi asifunike nambari za usajili, taa wala vibandiko vinavyoakisi mwanga usiku. Vioo vya mbele na vya kando ya dereva visiguswe. Kama unataka tangazo kwenye kioo cha nyuma, kuna karatasi ya matundu madogo ambayo huonyesha picha kwa nje na kumwezesha aliye ndani kuona. Ikumbukwe kwamba mvua ikinyesha matundu hujaa maji, na dereva haoni vyema nyuma, isipokuwa ikiwa imewekwa kinga.

Baadaye, mpe kijana anayeosha gari maagizo. Asioshe siku chache za mwanzo. Asisogeze bomba la maji ya nguvu karibu na pembe za stika. Asifute madoa kwa mafuta taa wala petroli. Na wakati wa kubandua ukifika, ipashwe joto kwa mashine ya hewa moto na kuvutwa polepole, isinyofolewe kwa hasira.

Sheria nayo

Wakongwe wa matatu watakumbuka manyanga ya miaka ya tisini, na jinsi kanuni za Waziri John Michuki zilivyoanza kutekelezwa mnamo 2004, mapambo yakaondolewa na mstari wa manjano ukawekwa. Mnamo 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea vijana wanaopata riziki kwa sanaa hiyo, na mapambo yakarejea. Lakini hilo halina maana kwamba kila kitu kinaruhusiwa.

Ukilifunika gari zima kwa rangi tofauti na iliyoandikwa kwenye logibuku, ni lazima uijulishe Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Magari ya kubeba wanafunzi yanatakiwa kuwa ya manjano, kwa hivyo usiizibe rangi hiyo kwa matangazo. Kaunti ya Nairobi na nyinginezo nazo hutoza ada kwa magari yenye matangazo ya biashara. Uliza ada ya kaunti yako kabla ya kubandika, usije ukaijulia mikononi mwa askari wa kaunti ukiwa na keki ya harusi garini na maharusi wanasubiri.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila stika hupendeza siku ya kwanza, ikiwa inang'aa na watoto wanapiga picha kando yake. Siku ya kuipima ni ile ya mwezi wa saba.

Yule mama wa Kahawa West bado anaoka. Mara ya pili hakuweka picha. Aliweka herufi nyeusi za polimeri juu ya mlango mweupe: jina, neno "keki", na nambari yake ya simu, tarakimu zote kumi. Alisimama na fundi mpaka ya mwisho ikabandikwa, kisha akatoa simu yake na kuipiga nambari hiyo ya mlangoni, moja baada ya nyingine, kuhakikisha ni yake.